Vita huwaje vya dunia? Asubuhi mbili katika bandari ya Unguja

Bandari ya Unguja imepigwa mizinga asubuhi mbili ambazo bado zinasimuliwa. Ya kwanza ilikuwa 27 Agosti 1896, muda mfupi baada ya saa tatu. Waingereza waliishambulia kasri kwa sababu Sayyid Khalid bin Barghash alikalia kiti cha usultani bila ridhaa yao. Haikupita saa nzima mambo yakawa yamekwisha: watu wapatao 500 wameuawa au kujeruhiwa, na Glasgow, meli ya Sultani, imezama mbele ya mji. Ya pili ilikuwa alfajiri ya 20 Septemba 1914. Manowari ya Kijerumani, Königsberg, iliikuta Pegasus ya Kiingereza imetia nanga ikitengenezwa mitambo yake. Ikaipiga mpaka haiwezi kujibu, kisha ikageuka na kwenda zake. Pegasus ikazama siku hiyohiyo, na mabaharia wake wamezikwa kisiwani Chapwani, ng'ambo kidogo ya mji.

Kwa aliyekuwa amesimama Forodhani, moshi ni uleule na kishindo ni kilekile. Hata hivyo, ya 1896 ilikuwa vita ya Unguja, na ile ya 1914 ilikuwa kipande cha vita vya dunia. Ukiijua tofauti ya asubuhi hizo mbili umeshaipata maana ya dhana yenyewe.

Mwaka 1896 ugomvi ulikuwa na mizizi hapahapa: nani atawale, na kwa idhini ya nani. Mwaka 1914 Königsberg haikuwa na neno na mtu wa Unguja. Chanzo kilikuwa mbali, Sarajevo, ambako tarehe 28 Juni mrithi wa ufalme wa Austria alipigwa risasi. Austria ikaikabili Serbia, Urusi ikaitetea Serbia, Ujerumani ikasimama na Austria, Ufaransa na Uingereza zikaingia upande wa pili. Zanzibar ilikuwa chini ya himaya ya Uingereza tangu 1890, kwa hiyo ikawa vitani bila kuulizwa. Tena haikuvutwa upande mmoja tu. Novemba 1914 Sultani wa Uturuki, aliyekuwa akiitwa khalifa wa Waislamu, alitangaza jihadi dhidi ya Uingereza na washirika wake. Sayyid Khalifa bin Haroub, sultani wetu wa wakati huo, alisimama na Waingereza. Hiyo si njia panda ndogo kwa mji wenye misikiti kila uchochoro.

Kwa hiyo vita vya dunia havipimwi kwa kuhesabu nchi zinazopigana. Ni vita vinavyozishika njia zenyewe, yaani bahari, reli, mikopo na ghala za chakula, hata asiye na ugomvi na mtu akakosa pa kujitenga. Barazani nasikia kila mara watu wakisema "vya tatu vimeshaanza", khasa baada ya 2022, unga wa ngano na mafuta vilipopanda bei kwa sababu ya vita vya Ukraine. Mimi huwa nabisha. Bei ilipanda, kweli, lakini meli ziliendelea kufunga gati Malindi, bandarini kwetu Unguja, na muuza mkate alibaki na unga wa kukandia. Kipimo changu ni sahani: je, watu wamelazimika kula kitu kingine?

Mwaka 1942, katika vita vya pili vya dunia, walilazimika. Kabla ya hapo Unguja na Pemba ziliishi kwa mpango ambao leo tungeuita wa hatari: ardhi nzuri imepandwa mikarafuu na minazi, na wali unaoliwa nyumbani unatoka ng'ambo, sehemu kubwa Burma, nchi iliyokuwa ikiongoza duniani kwa kuuza mchele nje. Karafuu nazo zilikuwa na wateja wawili wakubwa, India na Java. Wajava hawakuzinunua kwa ajili ya pilau. Walizisaga na kuzichanganya na tumbaku wakatengeneza sigara zao za kretek. Machi 1942 Wajapani waliingia Rangoon, na mwezi huohuo Waholanzi wakasalimu amri Java. Katika mwezi mmoja visiwa vikampoteza anayewauzia chakula na mmoja wa wanunuzi wakubwa wa zao lao, na hakuna risasi iliyolia Wete wala Mkoani, kule Pemba.

Kilichofuata ndicho huitwa uchumi wa vita. Siku za amani mwenye duka na mteja hupatana bei. Siku za vita serikali huingia kati: yeye mnunuzi, yeye mpanga bei, yeye mgawaji. Mchele ukawa wa mgao, na watu wakahimizwa kulima chakula chao. Muhogo, ndizi na shelisheli vikapanda cheo kwenye nyumba zilizozoea kuvihesabu kuwa vya siku ya shida. Nguo nazo zikaadimika, maana vitambaa rahisi vilivyojaa madukani miaka ya 1930 vilikuwa vya Japani, na Japani sasa ni adui. Minazi ndiyo iliyopata bahati yake. Nchi za Asia zilizokuwa zikitoa mbata kwa wingi zilikuwa mikononi mwa Wajapani, na dunia ilikuwa na njaa ya mafuta.

Njaa hiyo haikwisha 1945, na hapa ndipo wengi wanapokosea kwa kudhani vita vikiisha mambo hurudi yalipokuwa. Uingereza, mshindi, ilianza kugawa chakula kwa mgao Januari 1940 na haikuacha mpaka Julai 1954. Mkate ambao vitani ulinunuliwa bila kikomo uliwekewa mgao baada ya ushindi, kuanzia 1946 hadi 1948. Deni ililochukua Marekani na Kanada kujiinua ilimaliza kulilipa Desemba 2006. Kwa ukosefu wa mafuta ya kupikia walikuja Tanganyika kulima karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea, mradi uliomeza mamilioni ya pauni na kuachwa mapema miaka ya 1950. Na hao ndio walioshinda. Ujerumani iliyoshindwa mara ya kwanza ilifika mahali ambapo, Novemba 1923, dola moja ilikuwa sawa na maki trilioni 4.2.

Ramani hubadilika kwa namna hiyohiyo. Vita vya kwanza viliangusha falme nne: ya Urusi, ya Austria na Hungaria, ya Ujerumani na ya Uturuki. Ukhalifa wenyewe ulifutwa Machi 1924. Kwa macho ya mtu wa Unguja, kubwa lilikuwa jirani. Pwani ya pili, Bagamoyo na Dar es Salaam, ilikuwa ya Mjerumani, kisha ikaitwa Tanganyika na kuwekwa chini ya Mwingereza yuleyule aliyekuwa Mji Mkongwe. Rwanda na Burundi zikaenda kwa Wabelgiji. Hakuna aliyepiga kura.

Na watu? Lugha imehifadhi zaidi kuliko minara. Kariakoo ni jina la kikosi cha wapagazi, Carrier Corps, lilivyogeuzwa na ndimi zetu. Wapagazi wapatao 95,000 wa upande wa Waingereza walikufa Afrika Mashariki katika vita vya kwanza, wengi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Leo jina hilo ni soko Dar es Salaam, na Unguja ni uwanja wa kufurahisha watoto. "Keya" nayo ni KAR (King's African Rifles), jeshi la Waingereza lililowapeleka vijana wa Afrika Mashariki Burma kupigana na Wajapani. Wengine hawakufika. Februari 1944 meli ya Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilizamishwa karibu na visiwa vya Maldivi, na watu karibu 1,300 wakafa.

Waliobaki nyumbani nao walibadilika, kwa sababu ya bei. Gharama za maisha zilizopanda vitani hazikushuka, na mishahara haikuzifuata. Mombasa wakagoma Januari 1947, Dar es Salaam mwaka huohuo, na 1948 wachukuzi wa bandari ya Unguja wakaweka mizigo chini, mgomo ukaenea mji mzima. Wako wanaosema vita ndivyo vilivyoleta uhuru. Nadhani hapo wanaruka hatua. Vita vilimchosha mtawala na kumfilisi, lakini aliyesimama kumdai alikuwa kuli wa gatini, na madai yake yalikuwa ya zamani kuliko Wajapani.

Java nayo ilirudi, ila kwa jina jingine. Tarehe 17 Agosti 1945, siku mbili baada ya Japani kukubali kushindwa, Indonesia ilijitangazia uhuru. Baada ya vita karafuu zetu zilipata tena mnunuzi, na bora zaidi, kwani kretek zilizidi kupendwa. Lakini nchi inayojitawala huuliza maswali ambayo koloni haliulizi, na moja lilikuwa hili: kwa nini tununue Afrika mti ambao asili yake ni visiwa vyetu vya Maluku? Wakapanda. Mikarafuu yao mipya ilipokomaa, miaka ya 1980, wakawa hawana haja ya kununua kwa wingi, bei ikaporomoka, na Pemba mkulima akawa anatazama jamvi la karafuu ambazo hazilipi hata wachumaji.