Namba ya jalada na mwaka wa kitabu
Wapenzi wengi wa riwaya za njozi huamini kwamba kitabu chenye namba 1 ndicho kilichotoka kwanza, hivyo lazima msomaji aanzie hapo. Kwa mifululizo mingi ni kweli. Lakini tazama vitabu saba vya C. S. Lewis kuhusu Narnia, nchi ya kubuniwa, vilivyotoka Uingereza kati ya 1950 na 1956. Kinachopewa namba 1 leo kilitoka 1955, kikiwa cha sita, kwani matoleo mengi ya sasa hufuata miaka ya hadithi yenyewe. Kile cha 1950 kimekuwa cha pili. Mimi humshauri mgeni aanze nacho hicho, maana siri za nchi ile humfungukia taratibu. Ukitaka kuhakiki, fungua ukurasa wa hakimiliki, utafute mwaka wa toleo la kwanza, kisha linganisha kitabu kwa kitabu.