Je, cha shambani hakina kemikali?

Wengi tumekua tukisikia kwamba kitu cha asili hakina kemikali. Kemikali ni mambo ya viwandani. Inaeleweka, maana neno lenyewe tunakutana nalo zaidi kwenye makopo ya dawa za wadudu.

Lakini mmea nao hutengeneza kemikali. Chukua muhogo. Mizizi na majani yake yana linamarini, kemikali iliyobeba sianidi ndani yake, na pembeni, kikiwa kimetengwa nayo, kuna kimeng'enya (protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemikali) cha kuivunja. Ukiukata au kuutwanga, viwili hivyo hukutana, na sianidi, ambayo ni sumu, hutoka. Ndiyo maana kisamvu hutwangwa kwanza, kisha huchemshwa muda mrefu: sumu hiyo hupotea hewani kirahisi. (Bibi zetu hawakuhitaji maabara kulijua hilo.) Muhogo mchungu usiolowekwa na kukaushwa vya kutosha, ukiliwa siku nyingi bila vyakula vya protini, huleta konzo, ugonjwa unaopooza miguu. Umeonekana Tanzania, Kongo na Msumbiji.

Ukitaka kuhakiki, uliza kitu kina nini, kiasi gani, na kimeandaliwaje. Tafuta jina la kisayansi la mmea, hapa Manihot esculenta, au muulize afisa ugani. Ulimi pekee hautoshi: uchungu ni dalili tu, haupimi sumu.