Kupiga picha za watu Ethiopia: buna kwanza, kamera itafuata

Wanaotaka kwenda Ethiopia na kamera huwa wananiuliza sana wabebe lenzi gani, na jibu langu ni fupi, beba lenzi ya milimita 35 au 50, zile ndefu za kupigia wanyama ziache nyumbani. Lenzi fupi inakulazimisha usogee karibu na mtu, ukisogea karibu lazima umsalimie, ukimsalimia tayari mmeanza kujuana, na kwa picha za watu Ethiopia kazi yote ipo hapo kwenye kujuana, mengine ni vifaa tu. Mimi hii ndo shughuli yangu, napiga picha za watu na huwa naongozana na vikundi vidogo vya wapiga picha wa huku kwetu, sasa nimeona niandike kwa kirefu maana watu wengi wanarudi na sura nzuri kweli kwenye kadi lakini ukiuliza huyu mama anaitwa nani, anafanya nini, hakuna anayejua.

Kwanza uelewe kwamba Waethiopia wana historia nzito na kamera za wageni, na mkanda uliotazamwa sana duniani aliuchukua mtu wa kwetu. Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi aliyeanzisha kampuni yake ya Camerapix pale Dar es Salaam mwaka 1963, ndo aliyekuwa na kamera Korem, mji wa kaskazini mwa Ethiopia, mwezi wa kumi 1984 wakati wa njaa, pamoja na mwandishi Michael Buerk, na BBC walipourusha tarehe 23 Oktoba michango ikaanza kumiminika mpaka tukafika kwenye Live Aid, lile tamasha la muziki la kuchangisha hela, Julai 1985. Mwaka 1991 Amin alipoteza mkono Addis Ababa ghala la silaha lilipolipuka, na 1996 akafariki ndani ya ndege ya Ethiopian Airlines iliyotekwa ikaangukia baharini karibu na Komoro. Mi namheshimu sana yule mzee, picha zake zilipeleka chakula kwa watu waliokuwa wanakufa. Ila tangu siku zile Muethiopia akikutana na mgeni mwenye kamera anajua kuna uwezekano mkubwa mgeni anatafuta njaa, na ndo maana ukiinua kamera kwa ombaomba kwenye ngazi za kanisa unaweza kukuta mpita njia asiyehusika kabisa, kijana tu na begi lake la chuo, anakuja kukuuliza kwa nini unapiga hicho. Ana haki ya kuuliza. Aïda Muluneh, mpiga picha wa Kiethiopia, alianzisha Addis Foto Fest mwaka 2010, na ukiangalia kazi za wapiga picha wa Addis wenyewe utaona wanachokipiga, kazi, mitaa, mapenzi, ibada, watu kwenye maisha yao. Tazama kazi zao kabla hujakata tiketi.

Sasa sisi tunaoongea Kiswahili tuna bahati moja ambayo Mzungu hana. Saa zao ni kama zetu. Wanahesabu kuanzia asubuhi, saa moja ni saa moja kweli, kwa hiyo mwongozaji akikwambia tukutane saa mbili asubuhi usianze kupiga hesabu, ni saa mbili hiyohiyo ya nyumbani. Kinachochanganya ni tarehe, kalenda yao ina miezi 13 na mwaka wao upo nyuma ya wetu kwa miaka saba au minane, kwa hiyo miadi weka kwa jina la siku, sema Jumatatu, usitaje tarehe. Na salamu za Kiamhara utazielewa haraka. Selam ni ya wote, habari yako ni endemin neh kwa mwanaume, endemin nesh kwa mwanamke, na kwa mtu mzima unabadilisha unasema endemin not, hiyo ina heshima ndani yake, mtu aliyelelewa na shikamoo hahitaji kuelezwa mara mbili. Mzee wa makamo muite Gashe, dada mkubwa Etye, bibi Emama, padri Abba. Kuomba picha ni foto mansat yichalal, na akikubali atasema ishi, yaani sawa. Ukiwa maeneo ya Waoromo anza na akkam, uso wa mtu unafunguka palepale.

Halafu kuna buna, yaani kahawa. Ukikaribishwa buna ujue umekaribishwa ndani ya nyumba, na ile sio kahawa ya kunywa umesimama. Mama anatandika majani mabichi chini, anachoma ubani, anakaanga kahawa mbele yenu na kuzungusha kikaango kila mtu anuse moshi, anatwanga, anaichemsha kwenye jebena, ile birika ya udongo yenye shingo ndefu, mkinywa mnapata na bisi. Na raundi ni tatu, abol, tona na bereka, ya mwisho ndo ya baraka, kuondoka kabla ya bereka sio adabu. Ushauri wangu ni huu, abol kamera iwe ndani ya begi kabisa, kwenye tona omba, na kwenye bereka ndo utapata picha zako maana kufikia hapo mama ameshakuuliza una watoto wangapi, mama yako yuko hai, umeolewa au bado, na wewe umeshamuuliza yake. Mwanga nao unakusaidia, nyumba nyingi zina mlango mmoja na dirisha dogo, muombe akae akiutazama mlango na wewe kaa pembeni, moshi wa kahawa unapita kwenye ule mwanga, huhitaji fleshi. Wakila chakula wanaweza kukulisha tonge kwa mkono, inaitwa gursha, fungua mdomo ule, ukikataa umemkataa yeye. Jumatano na Ijumaa na ile kwaresima yao ndefu ya siku 55 Waorthodoksi hawali nyama wala maziwa, usije kuagiza nyama mbele ya mwenyeji anayefunga.

Nyanda za juu kaskazini, Lalibela na Gondar, picha za watu ni picha za ibada. Lalibela kuna makanisa 11 yaliyochongwa kwenye mwamba na yapo kwenye orodha ya UNESCO tangu 1978, lakini watu wanasahau kwamba yale ni makanisa yanayosaliwa kila siku, sio makumbusho. Viatu unavua mlangoni, ndani kabisa nyuma ya pazia ni patakatifu, huingii wala hupigi. Padri akikutolea msalaba wake na kusimama mlangoni ili umpige picha, mpe chochote kwa heshima, na kama wewe ni Mkristo utaona wenzio wanaubusu msalaba kwanza, fanya hivo kwanza. Muumini anayesali ukutani na kitabu chake mkononi, yule muache amalize. Timkat ya tarehe 19 Januari, sikukuu ya ubatizo wa Yesu, ndo sikukuu ninayoipenda kuliko zote, pale Gondar kwenye bwawa la mfalme Fasilides, mapadri wanabeba vichwani tabot, vile vibao vitakatifu vya kanisa, zimefunikwa vitambaa, watu maelfu wamevaa netela nyeupe, yaani shuka jepesi la pamba, na hapo ndo kamera nyingi zinawaangusha wenye kamera. Kamera ikiona weupe mwingi inadhani mwanga umezidi, inapunguza, unapata nguo za kijivu na nyuso nyeusi tii zisizo na macho. Pima mwanga kwenye shavu la mtu, au ongeza kama stopu moja hivi, yaani mwanga mara mbili, huku ukiangalia histogramu, ile chati ya mwanga kwenye kamera, weupe wa netela usiungue, na piga faili ghafi (RAW) maana kule juu zaidi ya mita 2000 jua la saa sita ni kali halina huruma. Kazi ya nje ifanye saa kumi na mbili na nusu mpaka saa tatu asubuhi, alafu tena kuanzia saa kumi jioni. Ndani ya kanisa ni kinyume chake, giza linaidanganya kamera iongeze mwanga, wewe punguza.

Harar ni habari nyingine. Mji wa Waislamu uliozungukwa na ukuta wa Jugol, vichochoro, rangi kila ukuta, mtaa wa mafundi cherehani wa Makina Girgir, yaani jicho linachanganyikiwa, na ndo mji ambao utakataliwa sana. Akina mama wa sokoni wengi hawataki, atafunika uso na mtandio au atageuka, na hapo mazungumzo ya picha yameisha, sio mwanzo wa kubembelezana. Naona wapiga picha wanasimama mbali na lenzi ndefu wanamvizia mama huyohuyo aliyekataa, hiyo ni kuiba, siwezi kuiita jina lingine. Nenda asubuhi, nunua kitu, rudi kesho yake kwa mama yuleyule ununue tena. Wengine watakukubalia siku ya pili au ya tatu, wengine hawatakubali kamwe. Na tafuta nyumba ya kienyeji ya Kiharari ambayo wanaruhusu wageni, zile zenye majukwaa ya ngazi ngazi ya kukalia na vikapu vilivyojaa ukutani, mwenyewe akikaa kwenye jukwaa lake anakuwa mwenye nyumba kweli kweli, na hilo linaonekana kwenye picha.

Kusini bonde la Omo ndo kwenye mjadala mkubwa, na hapa nina msimamo. Kwa Wamursi, Wahamar, Wakaro na jirani zao picha inalipiwa, mara nyingi kwa mtu na kwa picha, wengine wanahesabu kila mlio wa shata kwa hiyo ukiweka kamera kwenye kupiga mfululizo unajitafutia ugomvi. Wasafiri wengi wanarudi wanalalamika eti wale watu wameharibiwa na hela. Mi sikubaliani kabisa. Yule mama anakaa juani, amejipamba, anageuzwa huku na huku na watu wasiomjua, ile ni kazi na kazi ina ujira, wewe mwenyewe picha utaiposti au utaiuza. Na uangalie maisha yenyewe yalivyobanwa, mto Omo ulikuwa unafurika kila mwaka na maji yakirudi nyuma watu wanalima mtama kwenye tope lile, likajengwa bwawa la umeme la Gibe III, lililozinduliwa 2016, mafuriko yale yakakoma, na mashamba makubwa ya miwa yakaingia kwenye ardhi ya malisho. Ndugu zetu Wakenya wanaujua mto huo maana ndo unaolisha ziwa Turkana. Mtu aliyepoteza shamba la mtoni akiomba hela ya picha, sioni alichokosea.

Kinachonisumbua mimi ni ile staili ya kuwapanga mstari. Gari linafika kijiji cha Wamursi, wageni wanashuka, wanachagua huyu na huyu, dakika arobaini gari limeondoka, hakuna aliyesalimiana na mtu. David Turton, mwanaanthropolojia aliyeanza kukaa na Wamursi mwishoni mwa miaka ya 1960, ameandika jinsi mikutano hii inavyowaacha pande zote mbili na kinyongo. Zile pembe na vibuyu na vikapu kichwani unavyoona kwenye picha nyingi vinavaliwa kwa ajili ya watalii, wao kwenye siku zao za kawaida hawavai hivo. Kile kisahani ambacho wanawake wa Kimursi wanavaa kwenye mdomo wa chini nacho ni cha kweli na kina heshima yake, lakini mwanamke havai kutwa nzima, anavaa kwenye nyakati zake kama kuwahudumia wanaume chakula au kwenye ngoma. Na ile hadithi ya kwamba walitoboa midomo ili watekaji wa watumwa wawaone wabaya, watembeza wageni wanaipenda sana, haina ushahidi, msiirudie kwenye kapsheni zenu.

Ninachofanya mimi ni kukubaliana na wazee mapema kupitia mwongozaji wa hapohapo, kiasi kimoja cha kijiji kizima, tunakaa nusu siku au tunalala, na napiga watu wakifanya shughuli zao, anayekamua ng'ombe, anayesaga mtama kwenye jiwe, vijana wanapakana chokaa. Kwa ngozi nyeusi sana kama ya Wamursi usiipandishe mwanga mpaka ikawa kijivu, pima shavuni kisha punguza stopu moja, iache iwe nyeusi inayong'aa kama ilivyo. Na kama huna siku za kukaa kijijini nenda masoko, Turmi Jumatatu, Key Afer Alhamisi, Dimeka Jumamosi, kule watu wamekuja kuuza asali na siagi na mtama, wamejaa furaha ya kukutana, wanawake wa Kihamar na nywele zao zilizopakwa udongo mwekundu na siagi. Keti kwenye kivuli wanapokunywa kahawa ya maganda kwenye kibuyu, watakupa, kunywa. Bado utalipia picha, lakini mtakuwa mmeongea.

Watoto nawasema peke yake. Usiwape pipi wala hela ya picha, mtoto akishajua kusimama barabarani kunalipa kuliko shule hatarudi darasani. Ukitaka kusaidia ongea na mwalimu wa shule. Na mzazi aombwe, sio mtoto.

Mengine kwa haraka. Askari, vizuizi, madaraja, mabwawa na majengo ya serikali usipige hata kwa simu. Droni usiibebe bila kibali, wanaichukua uwanja wa ndege Bole. Vita vya Tigray viliisha kwa makubaliano ya Novemba 2022 lakini Amhara kumekuwa na mapigano tangu 2023, na Lalibela na Gondar ziko hukohuko Amhara, kwa hiyo piga simu kwa mwenyeji aliyepo pale wiki unayosafiri, ramani ya mwaka jana haikusaidii.

Na picha zirudi. Addis kuna studio za kuprinti kila mtaa, printi kabla hujapanda ndege, mwongozaji atazipeleka. Nyuma ya kila picha andika jina la mtu na la baba yake, maana Waethiopia wengi hawatumii jina la ukoo, Abebe wa Kebede ni Abebe tu, Kebede ni baba yake, na wakina Abebe pale kijijini wako wengi, ongeza jina la kijiji na kazi anayofanya. Hayo yote utakuwa nayo kama uliuliza siku ile mnakunywa buna, ndo maana daftari langu linakaa mfuko mmoja na kamera.