Uzee wa kitabu si kigezo

Jamani hili nalisema tena: kitabu kuwa cha zamani tu si sababu ya makumbusho ya historia ya mahali kukitaka. Kila mzigo wa vitabu vya kutupa sisi makumbusho ukiletwa, mtu ananisogezea ensaiklopidia ya jalada la ngozi, ananong'ona kabisa, "hii ina zaidi ya miaka mia". Sawa, ila zilichapwa maelfu, maktaba kibao wanazo, na eneo letu halimo humo hata kwa mstari mmoja. Wakati huohuo chini ya boksi kuna kijitabu cha jubilei ya shule, kurasa chache, pini zina kutu, hakikuwahi kuuzwa dukani na huenda nakala iliyobaki ndo hiyo. Mimi nataka hicho.

Taratibu ni zilezile. Fomu ya makabidhiano inasainiwa mapema, ikisema tusichokihitaji kiende wapi. Boksi linakaa pembeni kwanza, halichanganywi na vingine. Chenye wadudu kinafungwa kwenye plastiki kinaingia friza, nyuzi 20 chini ya sifuri, wiki moja au mbili (ukungu haufi kwa friza, usijidanganye). Glovu nyeupe za kwenye sinema achana nazo, mikono misafi na mikavu inatosha, glovu ziache za kushikia picha.

Sasa kinachoniudhi hasa ni watu kutusafishia! Mtu kwa nia njema kabisa anakung'uta kila kitabu, risiti na barua zilizokuwa ndani zinaenda jalalani, anafuta maandishi ya penseli pambizoni, halafu ule ukurasa wa mbele wenye jina la mwenyewe anauchana ili kitabu "kionekane kizuri". Yaani kabakisha maganda. Chukua kitabu cha hesabu cha kawaida tu, hakina maana kwa mtu yeyote, lakini ndani kina muhuri wa shule iliyoshafungwa na majina matatu ya wanafunzi, kila aliyerithi kamkata aliyemtangulia kwa mstari. Hapo nimeshajua kitabu kilitumika wapi na kilipita mikononi mwa nani, na hesabu zenyewe sijazigusa. Kikaratasi nikikikuta ndani nakihamishia kwenye bahasha isiyo na asidi (asidi inaharibu karatasi), na kwa penseli naandika kilikuwa ukurasa wa ngapi, maana hapo kilipokaa napo pana habari.

Ninapokwama ni rafu nzima ya mtu mmoja. Riwaya za kawaida, kimojakimoja havina thamani, ila vikiwa pamoja vinaonyesha mtu wa hapa alikuwa anasoma nini. Napiga picha ya rafu ilivyopangwa, naandika orodha, halafu tunavigawa, na roho haitulii. Eti sera ya makumbusho ya nini kibaki ndo inaamua, lakini wape watu wawili sera ileile na boksi lilelile uone kama watabakisha vitabu vilevile.

Kwa hiyo leteni na vumbi lake, msibandike selotepu popote, na mkitaka kujua bei tafuteni mthamini, sisi bei hatupangi.