Pikapu ya gitaa la besi ni nini, na kuibadilisha kunabadilisha nini?

Ukimwambia dereva wa mizigo kwamba unatafuta pikapu, atakuuliza unahamia mtaa gani. Mpiga besi akitamka neno hilo hilo anazungumzia kidude cheusi kilicholala chini ya nyuzi, katikati ya shingo ya gitaa na daraja, kile chuma kinachoshika nyuzi upande wa mwili. Wengi wetu tulikikuta kikiitwa "maiki ya gitaa", na jina hilo linapotosha. Maiki husikia hewa inayotikisika. Pikapu haina habari na hewa. Inachofuatilia ni chuma kinachotembea karibu yake. Ndiyo maana ukifunga nyuzi za nailoni kwenye besi ya umeme, utapiga mpaka vidole viote malengelenge na spika itabaki kimya. (Ukiongea karibu na pikapu na sauti yako ikatoka kwenye spika, ujue waya wa ndani umelegea, pengine haukuzamishwa kwenye nta ulipotengenezwa. Pikapu ya hivyo ukiifungulia sauti sana inapiga mluzi.)

Ndani yake hamna maajabu. Kuna sumaku, na kuna waya wa shaba uliopakwa vanishi, mwembamba kama unywele, uliozungushwa maelfu ya mara. Mzingo huo wa waya ndio koili. Sumaku inaufanya uzi wa chuma ulio juu yake nao uwe sumaku kidogo. Uzi unapotikisika, nguvu ya sumaku inayopita kwenye koili inapanda na kushuka, na umeme mdogo sana unazaliwa ndani ya waya. Ni kanuni ile ile aliyoionyesha Michael Faraday mwaka 1831, ndiyo inayoendesha jenereta ya dukani kwa jirani. Uzi wa E wa besi, ule mnene kuliko wote, ukipigwa wazi bila kubanwa unatikisika kama mara 41 kwa sekunde, na umeme unaotoka nao unapanda na kushuka mara 41. Amplifaya inaukuza, spika inasukumwa, na hapo ndipo hewa inapopata kazi.

Maumbo mawili ya pikapu tunayokutana nayo zaidi kwenye besi za bei nafuu yametoka kwa mtu mmoja, Leo Fender wa Fullerton, California. Huyu alikuwa fundi redio kabla ya kutengeneza magitaa, na gitaa lenyewe hakujua kulipiga. Mwaka 1951 alitoa Precision Bass. Mwaka 1957 pikapu yake ikagawanywa vipande viwili vilivyopishana: kimoja chini ya nyuzi za E na A, kingine chini ya D na G. Mwaka 1960 ikafuata Jazz Bass yenye pikapu mbili ndefu zilizolala sambamba. Wapigaji huziita P na J tu, na besi nyingi za bei ya chini, hata zikiandikwa jina gani kichwani, ni P, ni J, au ni mchanganyiko wa hizo mbili.

Kile kipande kilichogawanywa mwaka 1957 kinahitaji kutazamwa kwa utulivu, kwa sababu ndicho kinachoeleza malalamiko mengi ya "gitaa langu linavuma". Koili ya waya ni antena. Inanasa uzi, lakini pia inanasa umeme wa ukutani, taa, na transfoma ya amplifaya yenyewe. Umeme wa Afrika Mashariki unageuka mara 50 kwa sekunde. Sasa bana freti ya 3 (freti ni vile vyuma vilivyokatiza shingo) kwenye uzi wa E: hiyo ni G, mitetemo 49. Yaani mvumo wa umeme wetu ni kama G iliyopanda kidogo, inakaa pale pale ambapo besi inafanya kazi. (Marekani, kwenye umeme wa mara 60, mvumo wao uko karibu na B.)

Kwenye P, sumaku za kipande kimoja zimeelekeza kaskazini juu, za kingine kusini, na waya nazo zimeunganishwa kinyume. Kwa uzi, kinyume cha kinyume ni sawa, kwa hiyo sauti inatoka vizuri. Mvumo haujali sumaku. Wenyewe unaingia vipande vyote viwili sawasawa, unatoka kinyume, na unajifuta. Kwenye J, kazi hiyo inafanywa na pikapu mbili kwa pamoja. Zikiwa zimefunguliwa zote hadi mwisho, kimya. Punguza moja, mvumo unarudi. Nimeona watu wakirudisha gitaa dukani kwa sababu hiyo, na gitaa halikuwa na ubovu wowote.

Sasa twende kwenye kile watu wanachokiita kubadilisha umeme wa gitaa. Pikapu ni kiungo kimoja tu. Kutoka hapo umeme unapita kwenye poti, yaani zile potenshomita zilizo chini ya vitasa vya volyumu na toni, unakutana na kapasita ndogo ya kitasa cha toni inayopunguza ukali wa sauti, unaishia kwenye tundu la jeki. Anayetengeneza gitaa la bei ya chini lazima abane matumizi mahali, na kwa uzoefu wangu habani sana kwenye pikapu. Anabana kwenye poti, kwenye jeki, na kwenye kazi ya kulehemu.

Mimi nililijua hilo kwa hasara. Besi yangu ya P ilikuwa inavuma kanisani mpaka mwalimu wa kwaya anageuka kunitazama katikati ya pambio. Nikajinyima, nikaagiza pikapu mpya, nikaipeleka na gitaa kwa fundi redio wa mtaani. Akafungua, akainamia kidogo, akaanza kucheka.

"Kaka, pikapu yako nzima kabisa. Waya wa ethi umeachia."

Ni waya mmoja unaotoka mgongoni mwa poti, unapita kwenye tundu la mbao, na kubanwa chini ya daraja. Kazi yake ni kuunganisha nyuzi na ethi, ili mkono wako ukizishika, mwili wako uache kuwa antena ya pili. Alilehemu tone moja. Pikapu mpya ilikaa kwenye boksi lake miezi kadhaa.

Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, fanya jaribio la mkono. Washa amplifaya, simama, usiguse nyuzi, sikiliza. Kisha ziguse. Mvumo ukipungua, waya wa daraja unafanya kazi na kinachokosekana ni kinga: paka kuta za shimo la ndani kwa karatasi ya shaba yenye gundi, iungane na ethi, na uhakikishe hakuna waya unaobeba sauti unaoigusa. Usipobadilika kabisa, tafuta waya ulioachia. Ukiongezeka, au ukahisi vidole vinawashwa, acha gitaa na utazame ukutani. Sote tunaifahamu ile tabia ya kuchomeka kijiti kwenye tundu la ethi la soketi ili plagi ya pini mbili iingie. Amplifaya iliyotengenezwa kutumia ethi ikachomekwa hivyo inavuma, na siku moja mdomo wako ukigusa maiki utarushwa. Pikapu ya bei yoyote haitatibu hilo.

Jaribio la pili linataka mita ya fundi, ile yenye waya mwekundu na mweusi, na halihitaji kufungua hata skrubu moja. Chomeka kebo kwenye gitaa, fungua volyumu na toni hadi mwisho, weka mita kwenye omu, gusa ncha ya plagi kwa waya mmoja na shina lake kwa mwingine. P ya kawaida itasoma karibu kilo-omu 10. J yenye pikapu mbili, funga volyumu moja na upime nyingine. Tarajia 7 au 8. Ukipata 250 hivi kwenye P, au 125 hivi kwenye J, koili imekatika mahali na unachokisoma ni poti peke yake. Ukipata sifuri, kuna waya umegusana na ethi. Namba hiyo, lakini, si kipimo cha ubora, ingawa wauzaji wanaitangaza kama uzito wa samaki. Mizunguko mingi inaongeza nguvu ya sauti na inakula ukali wa juu. Pikapu ya 13 si bora kuliko ya 10. Ni nzito zaidi na butu zaidi.

Halafu bisibisi. Pikapu imekalia sponji au springi, na skrubu zake zinaipandisha na kuishusha. Bana uzi kwenye freti ya mwisho na upime nafasi kutoka chini ya uzi hadi juu ya pikapu: milimita 3 hivi upande wa E na 2 upande wa G ni pa kuanzia pazuri. Ikiwa mbali mno, sauti inakuwa nyembamba na watu wanasema "pikapu dhaifu". Ikiwa karibu mno, sumaku inauvuta uzi, noti inakufa mapema na gitaa halikubali kutyuniwa kule juu. Robo zamu ya skrubu imewahi kunipa sauti niliyodhani inapatikana kwa pesa tu. Na nyuzi mpya, bila shaka. Kuhukumu pikapu kwa nyuzi za miaka mitatu ni kuhukumu jiko kwa makaa yaliyolowa.

Ukishafanya hayo na bado hujaridhika, anza na poti na jeki. Kwenye P na J poti huwa za kilo-omu 250, nayo imeandikwa mgongoni: A250K au B250K. A inapanda kwa namna sikio linavyosikia. B inapanda kwa mstari, na ukiitumia kwenye volyumu utazungusha kutoka 10 hadi 4 bila kusikia tofauti ya maana, kisha sauti inadondoka ghafla karibu na sifuri. Poti kubwa zina shina nene kuliko zile ndogo za viwandani, kwa hiyo tundu huenda likahitaji kupanuliwa. Kapasita ya toni imeandikwa 473, maana yake 47 na sifuri tatu za pikofaradi, ambazo ni mikrofaradi 0.047. Zipo kapasita za mafuta na karatasi zinazouzwa kama dawa ya kienyeji. Thamani ikiwa ile ile, mimi sijawahi kuzitofautisha, na sijakutana na mtu aliyezitofautisha akiwa amefumba macho.

Pikapu yenyewe inabadilisha tabia ya sauti. Nyingi za bei ya chini zina kipande cha sumaku ya kauri chini na vijiti vya chuma vinavyopitisha nguvu hadi juu. Sauti yake huwa na makali na inabana. Zile za mtindo wa zamani zina vijiti ambavyo vyenyewe ni sumaku ya alniko, mchanganyiko wa chuma, alumini, nikeli na kobalti, na besi inasikika duara zaidi. Kwa rumba na taarabu, ambako noti inatakiwa ikae chini ya kila mtu bila kumgusa, ningechagua alniko. Kwa besi inayotakiwa kupenya kwenye ngoma na gitaa la solo, kama kwenye benga, kauri haina kosa lolote. Pima kabla ya kuagiza: pikapu mbili za J hazilingani urefu, ya upande wa shingo ni fupi kwa milimita chache.

Njia nyingine ni priampu, saketi ndogo ya kukuza umeme ndani ya gitaa lenyewe, kile wanachoita besi "aktivu". Music Man StingRay ya mwaka 1976 ndiyo iliyoizoesha dunia: betri ya volti 9 ndani ya gitaa, na vitasa vinavyoongeza besi na treble badala ya kupunguza tu. Inasaidia pia kebo ndefu isile ukali wa sauti. Lakini jeki ya gitaa hilo ndiyo swichi ya betri. Kebo ikiachwa imechomekwa, betri inaendelea kuliwa hata kama hupigi, na itakufia kwenye harusi bwana na bibi wakiwa mlangoni.

Siku ya kulehemu, piga picha ya waya zote kwa simu kabla ya kugusa chochote. Mgongo wa poti ni bati linalonyonya moto, kwa hiyo chuma cha kulehemu kiwe na joto la kutosha, umalize haraka, usije ukaiunguza poti kwa ndani kwa kusitasita. Kwenye P kuna mtego: ukigeuza waya za kipande kimoja, gitaa litalia karibu vile vile, kwa kuwa kila uzi una kipande chake, ila mvumo uliokuwa unajifuta utakuwa unajijumlisha. Kabla ya kurudisha nyuzi, chomeka kebo, sauti chini, na ugonge taratibu kila kipande kwa ncha ya bisibisi. Kila kimoja kinatakiwa kujibu "tok" kwenye spika. Kikijibu kimoja na kingine kikanyamaza, usifunge skrubu bado.