Je, wajua kwa nini breka haikati friji inapokuuma?

"Mwanangu, vaa ndala kwanza." Shangazi yangu wa Ngamiani, hapa Tanga, alikuwa akimwambia hivyo kila aliyetaka kufungua friji yake. Mbele ya friji ile palikaa jozi ya ndala za bluu ambazo hakuna aliyetembea nazo. Kazi yake ilikuwa hiyo moja tu. Mtoto akisahau akaenda peku kuchukua maji, utasikia "Aii!" na mkono unarudi haraka kama aliyegusa sufuria jikoni. Wenyewe walishazoea. Walisema friji inauma, kana kwamba ni tabia yake.

Siku moja nilimuuliza kwa nini haiti fundi. Akanijibu: "Ingekuwa hatari, breka si ingekata?" Wengi tunaamini hivyo. Breka, ile swichi ya kwenye boksi inayojikata umeme ukizidi, ipo, haijakata, basi hakuna neno. Nami nasema hapo ndipo tunapopotea, na jikoni ndipo panapotugharimu zaidi, kwa sababu ndipo maji, bati na umeme vinapokutana kila siku.

Tuanze na zile ndala. Umeme huingia nyumbani kwa nyaya mbili: waya wa moto unauleta, nyutro inaurudisha. Kule kwenye transfoma ya mtaani nyutro imefungwa kwenye ardhi, kwa hiyo udongo tunaoukanyaga nao ni njia ya umeme kurudi ulikotoka. Waya wa moto ukichubuka ndani ya friji ukagusa bati, bati zima linakuwa na moto. Ukilishika ukiwa peku juu ya sakafu ya saruji iliyomwagikiwa maji, wewe ndiye unayegeuka waya wa kurudishia: umeme unaingilia mkononi, unapita kifuani, unatokea nyayoni. Mpira wa ndala unaziba njia hiyo. Unaiziba siku ambayo ndala ni kavu na hazijatoboka, na mkono wako wa pili haujashika bomba la sinki.

Sasa breka. Breka ya kawaida iliwekwa ili waya wa ukutani usipate joto ukaunguza nyumba. Inachotazama ni wingi wa umeme unaopita, basi. Breka ya soketi za jikoni mara nyingi ni ya ampea 20 au 32. Mwili wa mtu mwenye mikono iliyolowa una ukinzani, yaani nguvu ya kuuzuia umeme usipite, wa kama omu 1,000. Gawanya volti 230 kwa 1,000, unapata ampea 0.23, yaani miliampea 230. Kwa breka ya ampea 32 hilo ni sawa na mtu aliyewasha balbu ya zamani ya wati 50 hivi. Ikate kwa lipi?

Kwa mwili ni habari nyingine kabisa. Miliampea 1 unaihisi kama mchomo mdogo. Zikifika 10 hivi, misuli ya mkono inakaza na huenda ukashindwa kuachia ulichoshika. Zikivuka 30 na ukaendelea kuwa umeshika, pumzi inabanwa na mapigo ya moyo yanaweza kuvurugika. Mtu anaweza kufa sakafuni huku breka imesimama vile vile.

Utasema: lakini nyumba ina ethi, ule waya unaounganisha mabati ya vifaa na ardhi. Ni kweli, nyumba nyingi zina nondo ya ethi iliyopigwa ardhini karibu na ukuta, na ni muhimu sana. Lakini piga hesabu. Tuseme nondo hiyo na udongo wake vina ukinzani wa omu 20. Bati la friji likipata moto, umeme utakaokimbilia ardhini ni volti 230 gawanya kwa 20, yaani ampea 11.5. Breka ya 20 haioni tatizo, ya 32 ndiyo kabisa. Bati linabaki na moto, na mita ya LUKU inaendelea kula uniti.

Kinachotakiwa ni kifaa kinachouliza swali jingine. Breka inauliza "umepita umeme mwingi kiasi gani?" Kifaa hiki, ambacho mafundi wetu wanakiita RCD, kinauliza "uliotoka umerudi wote?" Ndani yake mna pete ya chuma. Waya wa moto na nyutro vyote hupitishwa katikati ya pete hiyo. Umeme unaokwenda ukiwa sawa na unaorudi, nguvu za sumaku za nyaya hizo mbili zinafutana, na pete inatulia. Tui likimwagika kwenye kitako cha blenda, likapenya ndani, na umeme kidogo ukapitia kwenye mkono wako kwenda ardhini, basi unaorudi kwenye nyutro umepungua. Sumaku hazilingani tena. Uzi mwembamba wa shaba uliozungushiwa pete hiyo unapata mkondo, na huo unafyatua swichi. RCD ya kumlinda mtu ni ya miliampea 30. Pengo likifika hapo lazima ikate ndani ya sekunde 0.3, na kwenye pengo kubwa kama lile la miliampea 230 inakata chini ya sekunde 0.04. Shoti utaisikia, wala asikudanganye mtu kwamba hutaisikia. Ila haitapata muda wa kukushika.

Huko Marekani, profesa Charles Dalziel wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alipima kwa watu waliojitolea ni umeme kiasi gani unaomfanya mtu ashindwe kuachia, na mwaka 1961 akatengeneza kifaa cha namna hii. Wao hukiweka ndani ya soketi yenyewe, ikawa na vitufe viwili vidogo usoni, na inakata kwenye miliampea 5 hivi. Mwaka 1987 kanuni zao za umeme zilianza kukitaka kwenye soketi za jikoni zilizo karibu na sinki. Kwetu njia iliyozoeleka ni kuifunga RCD kwenye boksi la breka, ikalinda soketi zote za jikoni kwa pamoja. Soketi za pini tatu zenye RCD ndani yake nazo zipo, na zinafaa kwa aliyepanga chumba asiyeweza kugusa boksi la mwenye nyumba.

Kuna jambo ambalo ningependa kila mwenye jiko alitazame leo hii, nalo ni plagi. Friji nyingi za mtumba zinatoka Ulaya na plagi yake ya duara yenye pini mbili nene. Haiingii kwenye soketi zetu, kwa hiyo tunafanya nini? Tunachukua kijiti au kalamu, tunakichomeka tundu la juu ili vile vizibo vya ndani vifunguke, kisha tunasukuma plagi. Friji inawaka, tunashukuru. Lakini lile tundu la juu ndilo la ethi. Plagi ile ethi yake iko pembeni, kwenye vibati viwili vya ubavuni, na kwenye soketi yetu vibati hivyo havigusi kitu. Friji imepata moto na nyutro, ethi imeachwa nje. Ndivyo ilivyokuwa friji ya shangazi: umeme uliovuja haukuwa na njia ya kwenda ardhini ila mwili wa aliyeishika.

Na hapo RCD na ethi zinahitajiana. Bila ethi, RCD haijui lolote mpaka mtu aguse bati, na mtu huyo ndiye anayeifyatua. Ethi ikiwepo, uvujaji unapofika kiwango unapitia kwenye waya wake na RCD inakata papo hapo, kabla mtoto hajafika na glasi yake.

Kuifunga RCD ni kazi ya fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji. Wewe usimamie tu. Azime mein swichi, apime kwa tesita kabla hajagusa waya, asiiguse mita. Kisha mwulize kuhusu nyutro, maana hapo ndipo kazi nyingi zinapoharibika. Nyutro ya kila soketi inayolindwa lazima irudi kupitia RCD ile ile. Kwa shangazi, fundi wa zamani alikuwa ameazima nyutro ya soketi ya jikoni kuwashia taa ya uani. RCD ilipofungwa, kila taa ya uani ikiwashwa, jiko zima linazimika. Umeme wa taa ulikuwa unarudi kwa mlango ambao haukutokea, na pete ikaona pengo. Ilichukua nusu siku kuufuata waya ule ndani ya dari. Wengi wakifika hapo wanasema "RCD mbovu" na kuitoa. Usikubali itolewe.

Ikikata yenyewe siku nyingine, chomoa kila kitu, irudishe juu, kisha chomeka kimoja kimoja. Kitakachoiangusha ndicho kinachovuja. Hapa pwani mara nyingi ni jagi la umeme au hita ambayo koili yake imeliwa na chumvi, au soketi ya ukuta unaolowa masika.

Kazi ilipokwisha, fundi alikata ile plagi ya duara, akafunga ya pini tatu, waya wa kijani na njano akaufunga kwenye pini ndefu ya juu. Akarudisha umeme. RCD ikaanguka saa ile ile: ilikuwa imeuona uvujaji uleule tuliokuwa tukiuvalia ndala. Alifungua nyuma ya friji akakuta waya wa kompresa umechubuka pale unapopita kwenye ukingo wa bati. Akaubadilisha, akajaribu tena, ikatulia. Akamwonyesha shangazi kitufe chenye herufi T. "Kibonyeze kila mwezi, Bi Mkubwa. Kisipokata, niite."

Shangazi akauliza ambalo mimi sikuwa nimeliwaza: "Na nikiwa msibani Pangani, ikate kwa sababu ya jagi, samaki wangu?" Fundi akarudi kesho yake na kifaa kingine kinachochanganya breka na RCD kwa pamoja, akaipa friji laini yake peke yake.