Kuifanya Midomo Ionekane Imejaa: Kazi ya Mwanga, Kivuli na Penseli

Katika kazi yangu ya kupamba maharusi hapa Dar es Salaam, ombi ninalolisikia mara kwa mara ni la mteja anayetaka midomo yake ionekane imejaa, na wengi huamini kwamba dawa yake ni kuchora mstari nje ya mdomo, mpana kadiri inavyowezekana. Mimi nashikilia jambo tofauti. Unene unaoonwa na jicho hutokana zaidi na tofauti ya mwanga kati ya katikati ya mdomo na kingo zake kuliko mahali mstari ulipopita. Rangi nyepesi inayong'aa huonekana kusogea mbele, na rangi iliyokoza isiyong'aa huonekana kurudi nyuma, ndiyo maana lipstiki ya zambarau nzito iliyokauka huufanya mdomo mwembamba uzidi kuonekana mwembamba.

Maandalizi hayana mengi. Ngozi ya midomo ni nyembamba kuliko ya sehemu nyingine za uso na haina tezi za jasho, kwa hiyo hukauka upesi, hasa kwa anayeshinda kwenye kiyoyozi. Isugue taratibu kwa kitambaa laini chenye maji ya uvuguvugu, paka mafuta mazito wakati macho yanapambwa, kisha yafute yote kwa tishu, kwa kuwa penseli haishiki juu ya mafuta.

Jambo ninalotamani wapambaji wenzangu walizingatie zaidi ni rangi ya asili ya midomo yetu. Wengi wetu, weusi na wa maji ya kunde, tuna mdomo wa juu uliokoza na mdomo wa chini wenye wekundu au uwaridi katikati, na ukingo wa mdomo mara nyingi ni mweusi kuliko ndani. Mafunzo mengi ya mtandaoni huanza kwa kuufuta mdomo wote kwa konsila nyepesi, yaani kipodozi cha kuficha madoa, ili kupata ukurasa mtupu, na juu ya ngozi nyeusi matokeo yake ni mdomo wa rangi ya majivu ambao hakuna lipstiki inayoukubali. Ukingo ule mweusi ni kivuli ambacho tayari tunacho bila kukinunua, nami sioni sababu ya kukifuta. Pale tu palipo na mabaka meusi katikati ya mdomo ndipo ninapogusa konsila ya rangi ya chungwa, kidogo sana, ili lipstiki ya juu isibadilike.

Penseli iwe ya kahawia, iliyokoza kidogo kuliko lipstiki itakayofuata. Mtindo wa mstari wa kahawia na mng'ao katikati ulivuma miaka ya 1990 miongoni mwa wanawake weusi na wenye asili ya Amerika ya Kilatini nchini Marekani, na hadi leo sijaona unaotupendeza zaidi. Ninaanzia kwenye bonde lililo katikati ya mdomo wa juu, nakwenda nje ya ukingo kwa kiasi kisichofika milimita 1 juu ya vile vilima viwili, nafanya vivyo hivyo katikati ya mdomo wa chini, na kadiri ninavyokaribia pembe narudi polepole hadi kwenye ukingo wenyewe. Mstari uliotoka nje kwenye pembe hupanua mdomo badala ya kuunenepesha. Kisha nausambaza kuelekea ndani kwa brashi ndogo hadi usionekane kuwa mstari, na kabla ya kuendelea namwomba mteja azungumze na acheke, maana kosa lisiloonekana mdomo ukiwa umetulia hujitokeza mara tu mdomo unaposogea.

Baada ya lipstiki, chukua rangi nyepesi zaidi kwa ncha ya kidole na uigonge katikati tu ya midomo yote miwili, halafu weka lipshaini hapo hapo bila kuisogeza hadi kingoni. Chembe ya poda ya kung'aa juu ya lile bonde, pamoja na kivuli chepesi cha poda ya kahawia chini ya mdomo wa chini, huusukuma mdomo mbele, mradi mkono uwe mwepesi.

Zipo lipshaini za kujaza midomo zenye mdalasini, mnanaa au kiini cha pilipili, ambazo huisumbua ngozi kwa makusudi ili damu ije kwa wingi na mdomo uvimbe kidogo kwa muda mfupi. Sizipaki kwenye midomo iliyopasuka, wala kwa bibi harusi ambaye hajawahi kuzijaribu, na nawasihi wadada wasijipake pilipili yenyewe au dawa ya meno, kwani huunguza. Picha nyingine tunazoletewa kama mfano si za vipodozi kabisa: mwaka 2015 Kylie Jenner, nyota wa televisheni wa Marekani, alikiri kwamba midomo yake ilikuwa imejazwa kwa sindano. Hiyo ni kazi ya daktari, si ya saluni, kwa sababu sindano ikikosea inaweza kuziba mshipa wa damu na kuua nyama ya mdomo.

Lipstiki moja isipite midomoni mwa wateja wawili, kwa kuwa virusi vya hepesi, vinavyoleta malengelenge mdomoni, huambukizwa kwa urahisi kupitia mdomo. Mimi huikwangua kwa kijiko kidogo cha chuma, naiweka kwenye kibao safi, na kupaka kwa brashi iliyooshwa.

Kwa joto la jiji hili, bana tishu katikati ya midomo, pitisha poda kidogo, kisha rudia lipstiki. Hata hivyo hakuna lipstiki ya nta inayoshindana na mafuta ya pilau, kwa hiyo penseli na lipshaini namkabidhi matroni kabla ya kuelekea ukumbini, nikimwonyesha kwa mkono wake mwenyewe namna ya kujaza upya katikati ya mdomo bila kugusa ukingo.